Uzito Uliokuja na Programu

Ununuzi nchini Uganda unahama kutoka kwenye majalada na kuingia kwenye kompyuta. Zabuni za serikali zinahamishiwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa e-GP. Tangu Januari 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani wanatakiwa kutoa risiti kupitia EFRIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato. Anayetaka kuuza bidhaa au huduma kwa miradi ya mafuta ya eneo la Ziwa Albert lazima kwanza jina lake liingie kwenye hifadhidata ya wagavi inayosimamiwa na Mamlaka ya Petroli. Viwanda binafsi navyo vinabishiwa hodi na wauzaji wa programu zinazoahidi kumpa alama kila mgavi, yaani kila anayekiuzia kiwanda malighafi, vipuri au vifungashio, na kuwapanga wote kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mabadiliko haya yamepokewa kwa namna mbili. Wako wanaoshangilia kwamba hatimaye kompyuta itachagua bila upendeleo, na wako wanaolalamika kwamba mashine itawatupa nje wafanyabiashara wadogo wa nyumbani. Wanapopishana hivyo, wote wanakubaliana kimyakimya juu ya jambo moja: kwamba mashine ndiyo itakayochagua.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Programu ya kusaidia maamuzi haimchagui mshirika wa kiwanda. Anayechagua ni yule aliyeamua kwamba bei ihesabiwe mara mbili ya ubora, au kwamba kuchelewa siku tatu ni kosa dogo. Kazi ya maana ambayo programu inaweza kuifanya ni kumlazimisha mtu huyo aandike maamuzi hayo kwa tarakimu, mapema, mahali ambapo wenzake wanaweza kuyaona na kuyabishia. Kiwanda kinachonunua programu ili kikwepe kazi hiyo kinakuwa kimelipia mahali pa kufichia uamuzi.

Fikra yenyewe si ngeni. Mwaka 1966 mtafiti Gary Dickson aliwauliza maafisa ununuzi wa Marekani na Kanada ni mambo gani huyatazama wanapomchagua mgavi, akapata orodha ya vigezo 23. Ubora ulishika nafasi ya kwanza, ukifuatwa na kuleta mzigo kwa wakati, kisha historia ya utendaji. Bei ilikuwa ya sita. Mwaka 1971 watafiti Gorry na Scott Morton waliandika kwamba yako maamuzi ambayo kompyuta inaweza kuyamaliza peke yake, yako ambayo haiwezi kabisa, na kati yake yako yale ambayo mashine hukokotoa na mtu huamua. Kumchagua mgavi ni kwa aina hii ya kati. Katika muongo huohuo mwanahisabati Thomas Saaty alibuni mbinu ya kulinganisha vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9, ambayo hata humwonya mtumiaji anapojipinga mwenyewe, kwa mfano akisema ubora unaizidi bei, bei inauzidi muda, halafu muda unauzidi ubora. Programu nyingi zinazouzwa leo, hata zile zinazotangazwa kwa jina la akili mnemba, bado zina kiini kilekile: alama kwa kila kigezo, uzito kwa kila kigezo (yaani sehemu yake katika jumla), kuzidisha, kujumlisha.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone uzito unavyotawala. Kiwanda cha biskuti kinatafuta mgavi wa maboksi. Wa kwanza yuko Guangzhou: kwa bei anapata alama 9 kati ya 10, kwa ubora 7, na kwa muda 4, kwa sababu mzigo wake huvuka bahari, hushuka Mombasa, kisha husafiri kwa barabara zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala. Wa pili yuko Thika, nchini Kenya: 7 kwa bei, 8 kwa ubora, 6 kwa muda. Wa tatu yuko hapa Namanve, karibu na Kampala: 5 kwa bei, 7 kwa ubora, 9 kwa muda. Ukiipa bei uzito wa asilimia 50, ubora 30 na muda 20, Guangzhou anashinda kwa alama 7.4. Ukiupa ubora 40, bei 35 na muda 25, mshindi ni Thika kwa 7.15. Ukiweka bei 30, ubora 30 na muda 40, Namanve anaongoza kwa 7.2. Hakuna aliyeghushi alama hata moja, na hakuna kati ya migawanyo hiyo mitatu ambao mtu mwenye akili timamu angeuona wa ajabu. Kila mgavi ameshinda mara moja, na mashine ilikuwa ileile.

Niliwahi kuonyeshwa programu ya namna hii katika kiwanda kimoja kwenye barabara ya Jinja. Afisa ununuzi, kijana mwerevu na mkarimu, alinifungulia ukurasa wenye majina ya wagavi na rangi za kijani, njano na nyekundu. Nikamuuliza uzito wa vigezo uliamuliwa na nani. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba ulikuja na programu. Kumbe mtu wa nchi nyingine, ambaye pengine hajawahi kuona foleni ya malori Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ndiye aliyekuwa ameamua kuchelewa kwa mzigo kunaigharimu kiasi gani biashara ya Mganda.

Hoja inayosikika zaidi kwa upande wa washangiliaji ni kwamba kompyuta haina shemeji. Afisa huweza kupigiwa simu jioni au kualikwa harusini. Programu haialikwi popote. Hoja hii ina utamu wake, hasa kwa sisi tuliozoea kusoma habari za zabuni zilizopinda, lakini ndiyo dhaifu kuliko zote, na udhaifu wake unaonekana kwa hesabu. Mfumo unaotumika sana katika kutoa alama za bei ni kuchukua bei ya chini kuliko zote, kuigawa kwa bei ya mzabuni husika, kisha kuzidisha kwa mia. Sasa wazabuni wawili wamefika. Wa kwanza anadai shilingi milioni 100 na ubora wake umepewa alama 70. Wa pili anadai milioni 120 na ubora wake ni 85. Bei na ubora zina uzito sawa. Wa kwanza anapata 100 kwa bei na jumla ya 85. Wa pili anapata takriban 83.3 kwa bei na jumla ya takriban 84.2. Wa kwanza ameshinda.

Sasa tuseme kabla zabuni hazijafungwa alitokea pia wa tatu, mwenye bei ya milioni 60 na bidhaa hafifu iliyopewa alama 10 za ubora. Bei ya chini sasa ni 60, hivyo alama za bei za wa kwanza zinashuka hadi 60 na za wa pili hadi 50. Wa kwanza anapata jumla ya 65, wa pili 67.5, na huyo wa tatu 55. Mzabuni ambaye hakuwa na nafasi ya kushinda amemwangusha mshindi na kumpandisha aliyekuwa wa pili. Wanaoifahamu biashara ya zabuni wanazijua kampuni za kusindikiza, zinazoletwa si ili zishinde bali ili fulani ashinde. Kwa kamati ya watu, kampuni ya namna hiyo hutiliwa shaka kwa sababu kuna mtu anayemjua mwenyewe na anwani yake. Kwa fomula, ni safu moja zaidi tu kwenye jedwali. Wataalamu wamelifahamu tatizo la mpangilio kugeuka kwa kuongezwa mshindani mmoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Belton na Gear walipolionyesha katika mbinu ya Saaty mwaka 1983. Dawa ya mfano wangu ni rahisi: bei ilinganishwe na kiwango kilichowekwa kabla ya zabuni kufunguliwa, isilinganishwe na bei ya mshindani. Lakini dawa hiyo huwekwa na mtu anayejua kwamba ugonjwa upo. Mashine haina shemeji, ni kweli. Aliyeiandikia fomula anaweza kuwa naye.

Haimaanishi kwamba washangiliaji hawana lolote. Kompyuta ina kumbukumbu kuliko ofisi. Katika viwanda vyetu vingi, habari za mgavi gani aliwahi kuleta gunia lenye unyevu hukaa kichwani mwa mzee mmoja wa ghala, na siku mzee huyo akistaafu kiwanda husahau. Programu inayotunza tarehe ya kuagiza, tarehe ya kupokea, kiasi kilichokataliwa na sababu ya kukataliwa inampa mmiliki kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Inaweza pia kufichua jambo ambalo macho hayalioni haraka. Wagavi wawili wamepewa oda kumi kila mmoja. Mmoja huleta siku ya 10 kila mara. Mwingine ameleta siku ya 5 mara tisa, na mara moja siku ya 55. Wastani wa wote wawili ni siku 10, na afisa anayeuliza wastani peke yake ataambiwa wako sawa, ilhali wa pili alikisimamisha kiwanda kwa wiki kadhaa. Waganda hawahitaji kufundishwa juu ya siku ya 55. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya ziliikata njia ya Mombasa. Januari 2022, mgomo wa madereva waliopinga kupimwa Uviko mpakani uliacha foleni ndefu za malori na vituo vya mafuta bila mafuta. Nani aandike uzito wa siku kama hizo kama si sisi?

Upande wa pili, hoja yenye nguvu zaidi ni ya uaminifu. Wanaoishikilia husema kwamba biashara ya viwanda ni uhusiano wa miaka, na kwamba mgavi mwema hujulikana siku ya taabu, si kwenye jedwali. Wana ushahidi mzuri kutoka mahali wasipoutarajia. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin mjini Kariya, Japani, kilichokuwa kikiitengenezea Toyota karibu vali zote za aina moja zinazotumika kwenye breki. Kwa kuwa Toyota huweka akiba ndogo sana ya vipuri, ndani ya siku chache viwanda vyake karibu vyote nchini humo vilisimama. Ndipo kampuni nyingi za mtandao wake, ikiwemo Brother iliyojulikana kwa cherehani, zilipochukua michoro na kuanza kuchonga vali kabla hata ya kukubaliana malipo, na kwa takriban wiki moja uzalishaji ukawa umerudi karibu na kawaida. Hakuna kigezo kati ya 23 vya Dickson ambacho kingetabiri kwamba mtengeneza cherehani atakuokoa.

Ninaikubali hoja hii hadi mahali fulani. Kisa hichohicho kinaonyesha pia kwamba uaminifu ulikuwa umeiingiza Toyota kwenye hatari, kwa kumtegemea mgavi mmoja kwa kitu ambacho bila hicho hakuna gari. Programu ya kawaida ingeipigia kengele hatari hiyo. Tena hapa kwetu neno uaminifu hubeba mizigo mingi; wakati mwingine ni miaka kumi ya mzigo kufika kwa wakati, na wakati mwingine ni kutoka kijiji kimoja tu. Njia inayofaa ni kumruhusu mkuu wa ununuzi ampite aliyeongoza kwa alama na kumchagua mwingine, kwa sharti kwamba aandike sababu, aweke sahihi, na sababu hiyo isomwe tena baada ya mwaka. Uaminifu wa kweli utastahimili kuandikwa.

Kuna kosa jingine, la kitaalamu zaidi, ambalo halizungumzwi ingawa ndilo linaloweza kumdhuru mlaji. Kujumlisha alama kuna tabia ya kufidia: upungufu wa kigezo kimoja hufunikwa na wingi wa kingine. Kwa maboksi ya biskuti hilo si neno. Kwa mahindi ni hatari. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni katika mahindi, na mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo. Kiwanda cha unga kinachoiingiza sumukuvu kwenye jumla ya alama pamoja na bei kinaiambia mashine kwamba sumu kidogo inaweza kulipwa kwa punguzo la bei. Jambo kama hilo halipaswi kupewa uzito wowote. Liwe kizingiti, asiyekivuka asipewe alama kabisa. Kahawa nayo inaelekea huko. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji wa misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kila shehena iambatane na vipimo vya ramani vinavyoonyesha lilipo shamba ilikotoka, na shamba hilo liwe halikupatikana kwa kukata msitu baada ya 31 Desemba 2020. Mkulima wa Bugisu, mashariki mwa Uganda, anayelima kahawa nzuri kupindukia, lakini ambaye shamba lake halijapimwa, hatapoteza alama mbili tatu. Hataingia kwenye orodha.

Hilo linatufikisha kwenye malalamiko ya wafanyabiashara wadogo, ambayo nayaona ya haki ingawa yanaelekezwa pasipostahili. Asiyekuwapo na lake halipo, na katika kompyuta kutokuwapo kuna sura mbaya zaidi, kwa sababu programu nyingi husoma nafasi tupu kama sifuri. Fundi wa Katwe, mtaa wa Kampala, anayechomelea fremu za mashine kwa miaka ishirini, akipokea fedha taslimu na kutoa stakabadhi ya kuandika kwa mkono, hana historia ambayo mfumo unaitambua. Kwake sehemu ya utendaji wa nyuma ni tupu, na programu itampanga chini ya kampuni iliyochelewesha mzigo mara nane kati ya kumi. Fundi huyo hajulikani. Ila kutojulikana na kuwa mbaya vimewekwa kwenye kapu moja, na aliyeviweka humo ni mwandishi wa programu siku alipochoka kufikiri. Hata historia iliyopo huweza kusema uongo. Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Katonga kwenye barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, na magari yakalazimika kuzunguka mbali. Mgavi wa Mbarara aliyechelewa wiki ile ataandikwa mchelewaji sawasawa na yule aliyelala. Tarehe ziko sahihi, hesabu iko sahihi, hukumu haiko sahihi, isipokuwa kama kulikuwa na mtu wa kuandika neno daraja kwenye nafasi ya maelezo.

Kwa hiyo ninaona mabishano kuhusu kompyuta yahamie kwenye mambo yanayoweza kukaguliwa. La kwanza ni wakati: uzito uandikwe na kufungwa kabla ya bei kuonekana, kwa kuwa anayepanga uzito akiwa ameziona bei anaweza kumpata mshindi yeyote amtakaye, kama maboksi yetu yalivyoonyesha. Kwa serikali hili si geni. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2003 tayari inataka wazabuni wapimwe kwa vigezo vilivyotajwa kwenye nyaraka za zabuni. Kiwanda binafsi hakibanwi na sheria hiyo, na mara nyingi mgavi hajui kamwe alipimwa kwa nini. La pili ni kuitikisa hesabu: sogeza kila uzito kwa pointi tano juu na chini, na mshindi akibadilika, kiri kwamba wako sawa, kisha mkae mezani mwamue kama watu. Programu nyingi zina kitufe cha kufanya hivyo, na ninashuku kwamba hakibonyezwi.

Hifadhidata nazo zisipewe kazi isiyo yao. Kanuni za mafuta za 2016 ziliwatengea kampuni za Kiganda aina 16 za bidhaa na huduma, na orodha ya Mamlaka ya Petroli inamwonyesha mnunuzi ni nani yupo. Wako waliojiandikisha wakasubiri simu, wakiamini kwamba kuandikwa ni kuchaguliwa. Orodha hufungua mlango. Anayeketi ndani huamuliwa na vigezo vya mkandarasi mkuu, na vigezo hivyo ndivyo mgavi mdogo anavyopaswa kuviulizia kabla hajakopa fedha za kununua mashine mpya.

La mwisho linahusu haki, na hapa sheria yetu imeacha pengo la ajabu. Sheria ya ulinzi wa data na faragha ya 2019 inampa mtu binafsi haki ya kuziona taarifa zake zinazotunzwa na wengine, na ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Fundi wa Katwe anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe ni mtu binafsi. Anaweza kukiandikia kiwanda na kuuliza kwa nini jina lake lina rangi nyekundu. Jirani yake aliyetii mawaidha ya serikali, akasajili kampuni, akalipa kodi na kujiunga na EFRIS, si mtu binafsi mbele ya sheria hiyo, na kwa kampuni yake mlango huo umefungwa. Pengo hilo halihitaji kusubiri bunge. Linaweza kuzibwa kwa kifungu kimoja cha mkataba kinachompa kila mgavi nafasi ya kusoma rekodi yake mara moja kwa mwaka na kuongeza maelezo pale palipoandikwa amechelewa.